Kupona baada ya upasuaji wa mgongo uliopinda: maswali ambayo watu wazima huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mzima aliyefanyiwa, au anayejiandaa kufanyiwa, upasuaji wa kunyoosha na kuunganisha pingili kwa sababu ya skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda kwenda kando. Kila mgongo una mpango wake. Karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa ikisema tofauti na haya, fuata karatasi.

Nimefanyiwa nini hasa, na kwa nini kupona kunachukua muda mrefu hivi?

Daktari ametenga misuli ya mgongo, akafunga skrubu kwenye pingili za sehemu iliyopinda, akaziunganisha kwa fito mbili za titani au za kobalti na kromiamu, kisha akanyoosha kadiri ilivyo salama kwa mishipa ya fahamu. Baada ya hapo amekwangua uso wa mifupa na kutandaza juu yake vipande vya mfupa: uliotolewa hapo hapo, wa nyonga yako, au wa kuchangiwa. Vyuma havikuwekwa vikubebe maisha yako yote. Kazi yake ni kuzituliza pingili mpaka vile vipande vishikane na kuwa mfupa mmoja.

Ngozi hufunga kwa wiki 2 hadi 3. Misuli hutulia kwa miezi mitatu hivi. Mfupa unataka miezi 6 hadi 12, na kwa watu wa makamo na wazee hata 18 au zaidi. Ndiyo maana mwezi wa tatu au wa nne ni wa hatari kuliko wa kwanza: mtu anajisikia mzima, anarudi kwenye ndoo na jembe, ilhali ndani saruji bado mbichi. Ufito unaokunjwakunjwa kila siku kabla mfupa haujashika huchoka na kukatika, kama waya unaopindwa huku na huku.

Wazee nyumbani wanasema nilale miezi sita bila kuamka. Ni kweli?

Hawakuzua, wanakumbuka utaratibu wa zamani. Ufito wa kwanza uliotumika sana ulibuniwa na Paul Harrington huko Texas, Marekani, na kuelezwa kwa madaktari wenzake mwaka 1962. Ulishikwa kwa kulabu juu na chini tu, kwa hiyo mgonjwa alivikwa plasta ya kiwiliwili na kukaa nayo kwa miezi. Skrubu za leo hushika pingili nyingi, na kwa kawaida mgonjwa husimamishwa siku ya kwanza au ya pili. Kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni, nimonia, vidonda vya mgongoni na tumbo kusimama kazi.

Siku za wodini zitakuwaje?

Kwa mtu mzima hesabu siku 5 hadi 10, na usiku wa kwanza mara nyingi ni chumba cha uangalizi maalumu. Utaamka na mpira wa mkojo, pengine na mrija unaotoa damu kwenye kidonda, na dawa kali za maumivu. Uso unaweza kuwa umevimba kwa sababu ulilazwa kifudifudi kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo sehemu ya mbele au ya nje ya paja inaweza kufa ganzi, kwa vile mshipa wa fahamu ulibanwa kwenye kinena. Kwa wengi hurudi baada ya wiki au miezi.

Muuguzi atakuja kila mara kukuambia usogeze vidole vya miguu. Usimchoke. Nguvu ya mguu ikianza kupungua ghafla, saa za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kurekebisha. Ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara 10 kila saa na uchezeshe vifundo vya miguu juu na chini. Anza kula kwa uji na supu. Usile ugali mzito mpaka uanze kutoa hewa kwa njia ya haja kubwa.

Ninaamkaje kitandani bila kupinda mgongo?

Kunja magoti, nyayo zikiwa juu ya godoro. Geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo linaloviringishwa. Ukiwa ubavu, shusha miguu nje ya kitanda huku ukijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu utakusaidia kuinuka. Kaa dakika moja kizunguzungu kiishe ndipo usimame. Kulala ni kinyume chake: kaa, shuka kwa ubavu, pandisha miguu, ndipo ugeuke. Kosa la kawaida ni kumpa ndugu mkono akuvute. Akivuta, bega linatangulia, nyonga inabaki, na mgongo unasokotwa.

Lala chali ukiwa na mto chini ya magoti, au ubavu ukiwa na mto katikati ya magoti. Kifudifudi hapana. Neti achomekee mtu mwingine. Kujinyoosha kuchomekea kona ya mbali ni kujisokota kule kule tunakokukataza.

Niandae nini nyumbani kabla sijalazwa?

Hili ndilo swali tunalotaka liulizwe mapema, na mara nyingi huulizwa mtu akiwa tayari njiani kurudi. Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikiwa nyumba zenye kila kitu usawa wa kiuno. Kwetu kazi nyingi ziko chini: jiko, beseni la kufulia, ufagio mfupi, mkeka, mbuzi ya kukunia nazi, na mara nyingi choo chenyewe. Sheria ya miezi mitatu ya kwanza ni kutoinama, kutobeba vizito na kutojisokota. Katika nyumba kama hiyo huwezi kuishika kwa nia njema peke yake. Inua vitu kabla hujaondoka.

Kitanda kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 50 pamoja na godoro, kiasi kwamba ukikaa nyayo zinagusa sakafu na magoti yako usawa wa nyonga. Kikiwa kifupi, weka matofali chini ya miguu yote minne na uhakikishe hakichezi. Godoro lililobonyea katikati, kitanda cha kamba kilicholegea na godoro la sakafuni havifai. Tafuta kiti cha mgongo wima chenye mikono. Sofa za kuzama zitakushinda kuamka. Mwanzoni usikae zaidi ya dakika 20 hadi 30 kwa mkupuo.

Jiko lipande juu ya meza imara, hata kama ni la gesi la mtungi mdogo. La mkaa liachie wengine. Kusonga ugali wa watu sita ni kazi ya mabega na kiuno kwa pamoja, iachie wengine pia, angalau miezi mitatu. Vyombo unavyotumia kila siku viwe kati ya kiuno na bega. Nunua ufagio wa mpini mrefu, ingawa wiki za mwanzo usifagie kabisa. Ndoo ya kuogea iwekwe juu ya stuli na kopo liwe na mpini. Ondoa mikeka inayoteleza na nyaya za sakafuni. Kandambili kwenye sakafu yenye maji zimeangusha wengi. Tafuta viatu vyenye mkanda wa nyuma visivyohitaji kuinama kufunga.

Choo changu ni cha kuchuchumaa. Nitafanyaje?

Usichuchumae miezi ya mwanzo. Ukichuchumaa sehemu ya chini ya mgongo inajikunja hadi mwisho, na hapo ndipo skrubu za chini hubeba mzigo mkubwa. Suluhisho rahisi ni fremu ya kuweka juu ya tundu. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa bomba la chuma: miguu minne yenye mpira chini, kikalio cha choo cha kawaida juu, kimo cha sentimita 45 hadi 50, na mikono miwili ya kushikia. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatumika sana, lakini kukitoboa hupunguza nguvu yake, na kwenye sakafu yenye maji miguu yake hutanuka na kuteleza. Ukilazimika kukitumia, kiegemeze ukutani na weka kitu cha kushikia ukutani.

Kujitawaza ni jambo watu huona haya kuuliza, kisha wanataabika kimya kimya. Kama vyuma vimefika hadi nyonga, mkono unaweza usifike nyuma kabisa. Shatafu, au mpira mwembamba wenye kichwa cha kunyunyizia, humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Usijisokote kutafuta pa kufika. Simama, tanua miguu, na mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma.

Kuna la kusema kabla ya upasuaji: mweleze daktari kwamba unatumia choo cha chini, unakaa mkekani, unalima au unasujudu. Muungano unaoishia katikati ya kiuno unaacha pingili za chini zikiwa na mjongeo. Unaofika nyonga hauachi. Wakati mwingine daktari hana hiari kwa sababu mpindo wenyewe umeshuka, lakini ni afadhali ujue mapema kwamba kuchuchumaa kunaweza kusirudi kama zamani.

Ninaweza kubeba kiasi gani?

Wiki 6 za kwanza, kilo 2 hadi 4, kitu kikiwa karibu na kifua. Wengine huambiwa hivyo hadi mwezi wa tatu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: jagi la lita 2 sawa, dumu la lita 5 hapana, ndoo ya lita 20 isahau hadi mfupa uonekane umeshika kwenye picha. Kubeba kichwani si nafuu. Mzigo unashuka moja kwa moja kwenye skrubu. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10. Asibebwe mgongoni wala kuinuliwa kutoka chini. Kaa kwenye kiti, mtu akuwekee mapajani.

Mazoezi gani nianze nayo?

Kutembea. Dakika 5 mara nne au tano kwa siku wiki ya kwanza nyumbani, ukiongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, ili wiki ya 6 uweze kutembea nusu saa. Tembea sehemu tambarare, asubuhi au jioni. Maumivu yakizidi na yasitulie mpaka kesho yake, umepitiliza. Rudi hatua moja. Mazoezi ya tumbo, mapaja na makalio huja baadaye na mtaalamu wa fiziotherapia, mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 12. Yale ya kulala chali na kuinuka kugusa vidole yaondoe kabisa.

Nimeze nini kwa maumivu?

Msingi ni parasetamoli: kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi na ini zima, gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Angalia dawa za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani. Juu yake utapewa tramadoli au mofini kwa wiki chache, na pengine dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu kama gabapentini. Hizi hupunguzwa kidogo kidogo. Ukizikatiza ghafla utatokwa jasho, utakosa usingizi na utadhani mgongo umeharibika.

Tahadhari kubwa ni diklofenaki na ibuprofeni. Madaktari wengi wa mgongo huzizuia kwa miezi kadhaa kwa hofu ya kuchelewesha mfupa kushika, mbali na madhara ya tumbo na figo. Shida ni kwamba ukienda duka la dawa ukisema mgongo unauma, ndicho kitu cha kwanza utakachopewa, na “sindano ya maumivu” mara nyingi ni diklofenaki hiyo hiyo. Uliza jina kabla hujageuza paja.

Sijapata choo kwa siku nne.

Ni dawa za jamii ya mofini, ambazo hupunguza mwendo wa matumbo. Dawa ya kulainisha choo inapaswa kuanza siku moja nazo. Ongeza maji, papai, mboga za majani na kutembea. Mirungi huzidisha tatizo na kukunyima usingizi na hamu ya kula. Tumbo likivimba, ukatapika na hewa isitoke, hiyo si ya papai tena, nenda hospitali.

Kidonda nikitunzeje?

Kiwe kikavu na kifunikwe mpaka nyuzi au pini zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14. Mgongo usafishwe kwa kitambaa kando ya kidonda. Usipake asali, mafuta ya nazi, majivu wala unga wa vidonge. Bahari na bwawa visubiri wiki 6. Unyevu kidogo wa damu siku za kwanza ni kawaida. Majimaji yanayoanza au kuongezeka baada ya siku ya 5 si kawaida.

Hapa kuna kosa linalogharimu sana. Kidonda kikitoa usaha, watu hununua antibayotiki za siku tano, kinakauka juu, kisha kinafumuka tena. Bakteria hujenga utando juu ya chuma ambao dawa za kumeza haziupenyi vizuri. Wakati mwingine mgonjwa lazima arudi chumba cha upasuaji aoshwe, na kadiri anavyowahi ndivyo vyuma vinavyopata nafasi ya kubaki. Antibayotiki za kubahatisha pia huficha aina ya bakteria maabara inapotaka kumtambua. Homa ikifika nyuzi 38, pima malaria kwa sababu inawezekana ni malaria, lakini kidonda kikaguliwe siku hiyo hiyo hata kipimo kikisema ipo.

Dalili gani hazingoji kesho?

Mguu kulegea au kuzidi kufa ganzi. Ganzi kuzunguka sehemu za siri na makalio. Mkojo kugoma au haja kutoka bila kujua. Kifua kubana, pumzi kukata au kukohoa damu. Shavu la mguu mmoja, nyuma chini ya goti, kuvimba na kuuma. Kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala, hasa kidonda kikitoa maji meupe kama ya bomba, kwani huenda utando wa uti wa mgongo umetoboka. Nenda hospitali yenye daktari wa mgongo au wa upasuaji wa mishipa ya fahamu kama ipo. Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni mojawapo. Zahanati wakupe rufaa, wasikulaze kukuangalia.

Kuna mkandaji hodari mtaani. Anaweza kuninyoosha?

Hapana, wala mwaka ujao. Kuuvuta au kuukanyaga mgongo wenye skrubu ambao haujashika kunaweza kuzing’oa. Kukandwa kwa maji ya moto mabegani na miguuni si vibaya, mradi yasifike kwenye kidonda na ngozi iwe na hisia. Kwenye sehemu yenye ganzi utaungua usijue. Chale juu ya mgongo ni mlango wa bakteria.

Chakula gani kinasaidia mfupa?

Protini kila mlo: mayai, dagaa, maharage, samaki, maziwa. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wanakupa kalsiamu papo hapo. Vitamini D ipimwe ikiwezekana. Jua letu halimsaidii anayeshinda ofisini au aliyejifunika. Mwenye kisukari adhibiti sukari kuliko wakati wowote. Na tumbaku ya kila namna, sigara, shisha hata ugoro, iachwe wiki 4 hadi 6 kabla na angalau miezi 6 baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa mchanga.

Mwanamke aliyekoma hedhi apimwe uimara wa mifupa kabla ya upasuaji. Skrubu kwenye mfupa laini ni msumari kwenye mbao iliyoliwa na mchwa.

Nitasafiri vipi kurudi nyumbani?

Kwa gari, kaa kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, simama utembee kila dakika 45 hadi 60, na dereva apunguze kwenye matuta. Kwa ndege, kama waliofanyiwa India, pata barua ya daktari ya kuruhusu kuruka, omba kiti cha ujiani na kitimwendo, tembea kila saa, na begi la juu apandishe mwingine. Daladala na matatu zisubiri mpaka uweze kukaa saa nzima bila taabu. Bodaboda angalau miezi mitatu, na hata baada ya hapo uliza kwanza: shimo moja linaupiga mgongo wima. Usiendeshe gari ukiwa bado unameza dawa za jamii ya mofini.

Kazi, sala, na tendo la ndoa?

Kazi ya ofisini hurudi kati ya wiki 6 na 12, kwa nusu siku mwanzoni. Ujenzi, kilimo na upagazi ni miezi 6 hadi 12, na kwa muungano mrefu huenda ukahitaji kazi nyingine. Sala iwe ya kitini, rukuu na sijida kwa ishara ya kichwa. Tendo la ndoa kwa wengi huwezekana baada ya wiki 6, anayepona akiwa chali au ubavu na mwenzake ndiye mwenye kujisogeza.

Nikitaka kuzaa baadaye?

Madaktari wengi huomba usubiri angalau mwaka mmoja. Wanawake wengi wenye vyuma hujifungua kwa njia ya kawaida. Kikwazo kipo kwenye sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo ndiyo hutumika sana kwa upasuaji wa kujifungua: mfupa ulioungana huziba njia ya sindano, au dawa husambaa upande mmoja. Onana na mtaalamu wa usingizi kabla ya mwezi wa nane wa mimba ukiwa na picha ya eksirei na barua inayotaja pingili zilizounganishwa. Kugundua hilo usiku wa manane, uchungu umeshika, ni kuchelewa.

Mwaka umepita, maumivu yamerudi. Kwa nini?

Maumivu yaliyokuwa yameisha kisha yakarudi, hasa kwa mlio wa “tak” au kwa ghafla, yanafanya tufikirie ufito uliokatika kwa sababu mfupa haukushika. Ukianza kuinamia mbele, na pingili za juu ya vyuma kuuma, huenda sehemu hiyo imelegea au kuvunjika kwa kubeba mzigo wa zilizo chini. Vyote viwili huonekana kwa eksirei ya kusimama, mgongo mzima, mbele na ubavuni. Picha ya kulala huficha. Tunza za awali zote ili zilinganishwe. Ufito uliokatika si lazima upasuliwe. Kama mfupa umeshika na huumwi, unaweza kuachwa.

Vyuma vitatolewa? Na uwanja wa ndege, na MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku?

Kwa kawaida hubaki, isipokuwa vimeambukizwa au vinachoma chini ya ngozi. Mashine ya uwanjani inaweza kulia au isilie, beba barua. Kwa MRI, vyuma vya titani kwa kawaida havizuii kipimo, ila picha ya jirani yake hufifia. Mwambie fundi wa mashine aina ya chuma kabla hujalala kwenye meza.